Uhuru ya Ngomeni: setilaiti iliyotoka kwetu, na lenzi za mbinguni

Leo tunaweka kando habari za kodi, seva na simu mpya. Kuna swali nimeulizwa mara nyingi na watu waliofika Ngomeni, kile kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi, wakasimama ufuoni na kutazama baharini: yale majukwaa ya chuma yaliyosimama majini kwa miguu mirefu ni ya nini? Mmoja huambiwa ni mtambo wa mafuta. Mwingine huambiwa ni mambo ya Wataliano, na maelezo yanaishia hapo, kana kwamba Mtaliano hahitaji sababu ya kujenga kitu Malindi.

Ni uwanja wa kurushia roketi. Unaitwa San Marco, na kutoka hapo zilirushwa setilaiti tisa kati ya mwaka 1967 na 1988. Mojawapo iliitwa Uhuru. Ukiacha mafuvu ya Turkana, naamini hilo ndilo tukio kubwa zaidi la kisayansi kuwahi kutokea katika ardhi ya Kenya (au tuseme maji ya Kenya). Anayebisha alete lake tulipime.

Nataka kueleza jinsi setilaiti hiyo ilivyochangia kulijibu swali moja gumu sana: galaksi ina uzito gani? Huwezi kuiweka kwenye mizani. Wanasayansi walipata njia mbili za kuipima, moja kwa gesi moto na nyingine kwa mwanga uliopinda. Ile ya kwanza ilianzia Ngomeni.

Tuanze na jukwaa lenyewe. Mwenye wazo alikuwa Luigi Broglio, mhandisi na ofisa wa jeshi la anga la Italia, tena profesa wa Chuo Kikuu cha La Sapienza huko Roma. Setilaiti ya kwanza ya Italia, San Marco 1, ilirushwa kutoka Wallops, Marekani, tarehe 15 Desemba 1964. Ya pili ilirushwa hapa kwetu tarehe 26 Aprili 1967, kwa roketi ya Kimarekani aina ya Scout. Majukwaa makuu ni mawili. La San Marco lilibeba roketi, na la Santa Rita likawabeba waendeshaji, huku nyaya zikipita chini ya maji kuyaunganisha. Mpango wa akili: roketi ikilipuka, watu wako mbali.

Kwa nini Ngomeni na si kwao Italia? Ngomeni iko karibu digrii 3 tu kusini mwa ikweta. Dunia inapojizungusha, mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa bila kulipa nauli. Roketi inayoruka kuelekea mashariki inaanza safari na kasi hiyo mfukoni. Tena mbele yake ni Bahari Hindi tupu, kwa hiyo vipande vya roketi havimwangukii mtu kichwani.

Sababu ya pili ni muhimu zaidi kwa habari yetu. Setilaiti ikirushwa moja kwa moja, mzingo wake hauwezi kulala karibu na ikweta kuliko mahali iliporushwa. Ukirushia Cape Canaveral, iliyo digrii 28.5 kaskazini, setilaiti itapanda na kushuka digrii 28.5 kila mzunguko, mpaka utumie mafuta mengi kuinyoosha. Na ikishuka kusini kiasi hicho itapita juu ya Atlantiki ya kusini, upande wa Brazili, ambako chembe zenye chaji zilizonaswa na usumaku wa dunia hushuka chini kuliko kwingine. Kwa chombo kinachohesabu miale hafifu kutoka mbinguni, kupita hapo ni sawa na kurekodi sauti ya mbu kwenye disko matanga. Kutoka Ngomeni unapata mzingo wa digrii 3, na eneo lile unaligusa pembeni tu.

Sasa, miale gani? Eksirei, zile zile za hospitali. Angahewa yetu inazizuia kabisa, na ni bahati njema kwa ngozi zetu, lakini maana yake ni kwamba ukiwa chini hujui kama kuna nyota inayozitoa. Tarehe 18 Juni 1962 kikundi cha Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani, kilirusha roketi ndogo kutoka White Sands, New Mexico. Ilikaa juu ya angahewa dakika zisizozidi 6 kisha ikaanguka. Katika dakika hizo iligundua chanzo kikali sana cha eksirei upande wa kundi la nyota la Nge, kilichokuja kuitwa Scorpius X-1. Hakuna aliyekitarajia.

Miaka minane iliyofuata ilikuwa ya roketi na maputo: dakika tano hapa, dakika kumi pale. Ninyi waandishi wa programu hebu fikirieni kutafuta hitilafu kwenye mfumo unaoruhusiwa kuuangalia dakika tano kwa mwaka. Ukiona kitu kimebadilika hujui kama ni chenyewe kilichobadilika au ni kifaa chako. Giacconi alitaka chombo kitakachokaa juu miaka, kikipiga doria anga lote polepole. NASA wakakubali.

Chombo hicho kilikuwa na uzito wa kilo 141 hivi, yaani watu wazima wawili walioshiba. Msimamizi wa mradi kwa upande wa NASA alikuwa Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kusimamia urushaji wa chombo cha NASA. Kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco tarehe 12 Desemba 1970, mchana wa saa nane kasoro dakika chache kwa saa zetu. Siku ya Jamhuri, miaka saba kamili tangu bendera ya Mwingereza iteremshwe. Rasmi kiliitwa SAS-A, na kikishafika angani Explorer 42, majina ya kikarani kabisa. Townsend akapendekeza kiitwe Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji waliowakaribisha. Jina likashika, na mpaka leo profesa wa Tokyo au wa Cambridge akitaja chombo hicho hana budi kutamka neno la Kiswahili.

Kifaa chenyewe kilikuwa rahisi ajabu. Hakikuwa na kioo wala picha. Kilikuwa na visanduku viwili vya gesi, vimetazamana mgongo kwa mgongo, kila kimoja kikiwa na eneo la sentimita za mraba 840. Eksirei ikiingia, gesi inatoa mshtuko mdogo wa umeme, na kihesabio kinaongeza moja. Basi! Mbele ya visanduku kulikuwa na vizuizi vya chuma vilivyoruhusu miale ya ukanda mwembamba tu. Upande mmoja upana wake ulikuwa nusu digrii, sawa na mwezi mpevu. Chombo kilijizungusha polepole, kama dakika 12 kwa mzunguko, kikifagia anga. Hesabu ikipanda ghafla, unajua kuna chanzo mahali fulani ndani ya ukanda. Fagia tena kwa pembe nyingine, na pale kanda zinapokatana ndipo kilipo. Kuanzia tarakimu za kuhesabu moja, mbili, tatu wakachora ramani ya mbingu yote. Nami nasema hiyo ndiyo programu nzuri: kifaa kijinga, hesabu zenye akili.

Jambo la kwanza kubwa lilitoka katika chanzo kiitwacho Centaurus X-3. Kihesabio kilikuwa kikijumlisha hesabu kila sekunde 0.096, yaani zaidi kidogo ya mara kumi kwa sekunde. Wakaona hesabu zinapanda na kushuka kila sekunde 4.8, kama mapigo ya moyo. Tena mapigo yenyewe yanakawia kidogo, halafu yanaharakisha, halafu yanakawia, na kila siku 2.09 kitu chote kinazimika kwa saa kadhaa kisha kinawaka tena. Maelezo yaliyotoshea ni moja: ni kitu kidogo kinachojizungusha kwa kasi na wakati huo huo kinaizunguka nyota kubwa, kikijificha nyuma yake kila siku mbili. Gesi ya nyota kubwa inamwagikia kile kidogo, inapata joto la kutisha, inatoa eksirei. Kile kidogo ni nyota ya nyutroni, jua zima lililobanwa likaingia katika eneo lisilozidi umbali wa Malindi hadi Watamu.

La pili ni maarufu zaidi. Cygnus X-1 ilionekana ikitetereka mara nyingi ndani ya sekunde moja, bila mpangilio. Kitu kinachobadilika haraka hivyo lazima kiwe kidogo, maana mwanga wenyewe unahitaji muda kukivuka. Mwaka 1971 na 1972 wanaanga wa darubini za kawaida, Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza na Tom Bolton huko Kanada, waliiona nyota ya buluu mahali hapo hapo ikiyumbishwa kila siku 5.6 na mwenzi asiyeonekana. Uzito wa mwenzi huyo ulikuwa mkubwa mno kuwa nyota ya nyutroni. Hivyo Cygnus X-1 ikawa mtuhumiwa wa kwanza wa kuaminika wa kuwa shimo jeusi. Stephen Hawking aliwekeana dau na Kip Thorne mwaka 1974 kwamba si shimo jeusi. Mwaka 1990 akakubali ameshindwa.

Watu wengi wakisimulia Uhuru wanaishia kwenye shimo jeusi, wanapiga makofi, wanaenda nyumbani. Ningewaomba tubaki kidogo, kwa sababu kwangu mimi ugunduzi mkubwa kuliko huo ni ule usiopigiwa makofi.

Uhuru ilipofagia makundi makubwa ya galaksi, yale ya Virgo, Perseus na Coma, ilipata eksirei. Hilo peke yake lisingeshangaza. Lakini miale haikutoka katika nukta. Ilitoka katika eneo pana, mamilioni ya miaka ya mwanga, pamoja na ile nafasi ya kati ya galaksi ambayo kila mtu alidhani ni tupu. Ama kulikuwa na gesi moto sana imejaa katikati, ama kulikuwa na chembe za kasi zinazogongana na mwanga. Mabishano yakaanza.

Yaliamuliwa na setilaiti nyingine ya Ngomeni. Ariel 5, ya Waingereza, ilirushwa kutoka jukwaa lile lile tarehe 15 Oktoba 1974. Mwaka 1976 watafiti wake walitangaza kwamba eksirei za kundi la Perseus zina mstari wa chuma, ile alama maalumu ambayo atomi za chuma huacha zikipashwa joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Chembe za kasi tupu haziachi alama hiyo. Basi ni gesi, na ndani yake mna chuma kilichopikwa ndani ya nyota zilizokwisha kufa. Gesi hiyo ina uzito kuliko nyota zote za kundi hilo zikijumlishwa, mara kadhaa. Yaani miaka yote wanaanga walipokuwa wakihesabu galaksi, walikuwa wakihesabu punje za zabibu na kuusahau wali.

Sasa swali la uzito. Gesi yenye joto hilo inataka kutawanyika. Mpishi wa Pwani anayepalia wali anajua mvuke unavyokisukuma kifuniko; kama kifuniko hakiinuki, kuna mzigo wa makaa juu yake, na ukijua nguvu ya mvuke unaweza kukadiria mzigo. Gesi ya Perseus haijatawanyika. Kuna mvutano unaoibana. Pima joto lake, pima ilivyosambaa, na hesabu zinakupa uzito wa kila kitu kilichomo. Jibu lililotoka: nyota na gesi kwa pamoja hazifiki hata moja ya tano ya uzito unaohitajika. Fritz Zwicky, Mswisi aliyefanya kazi California, alikuwa amelisema jambo hili tangu 1933 baada ya kuona galaksi za kundi la Coma zikikimbia karibu kilomita 1,000 kwa sekunde bila kutoroka. Wengi hawakumjali (inasemekana pia alikuwa mtu mgumu wa maneno). Maada hiyo isiyoonekana sasa tunaiita maada ya giza, na hatujui imetengenezwa na nini.

Mtu mwenye shaka angeuliza, na ana haki: je, kama hesabu zenyewe za mvutano zina kasoro? Unahitaji mizani ya pili, isiyotegemea joto la gesi. Hapo ndipo zinaingia lenzi.

Einstein alisema mwaka 1915 kwamba kitu kizito hupinda nafasi, na mwanga unaopita kando yake hupinda pia. Mwanga unaopita ukingoni mwa jua upinde sekunde 1.75 za tao, alisema. Hilo lilipimwa wakati wa kupatwa kwa jua tarehe 29 Mei 1919, kwa kupiga picha nyota za Hyades, kundi lililo jirani na Kilimia chetu, zikionekana kando ya jua lililofunikwa. Waingereza waliweka darubini Sobral huko Brazili na katika kisiwa cha Príncipe upande wa pili wa Afrika. Kivuli hicho hicho kiliendelea kuvuka Kongo mpaka Ziwa Tanganyika na kuishia Bahari Hindi.

Mwaka 1936 Einstein aliandika makala fupi akionyesha kwamba nyota moja ikikaa sawasawa mbele ya nyingine inaweza kukuza mwanga wake kama lenzi, ila akasema uwezekano wa kuliona jambo hilo ni mdogo mno. Mwaka uliofuata Zwicky, yule yule, akajibu kwa ufupi: acheni nyota, tumieni galaksi. Galaksi ni nzito na pana, kwa hiyo zitafanya lenzi, na lenzi zitatuambia uzito. Alisubiriwa miaka 42.

Na iliyokuja kumthibitisha ni kwasa. Kwasa ni kiini cha galaksi ya mbali ambamo shimo jeusi kubwa sana linakula gesi, likitoa mwanga mwingi kuliko galaksi nzima inayolizunguka. (Mojawapo ya zile za karibu, 3C 273, ilikuwa miongoni mwa vyanzo vya eksirei vilivyoonwa na Uhuru mapema.) Mwishoni mwa Machi 1979 Dennis Walsh na Bob Carswell walikuwa Kitt Peak, Arizona, wakichunguza nukta mbili za buluu zilizokaribiana kwa sekunde 6 za tao. Zote mbili zilikuwa kwasa. Zote mbili zilikuwa katika umbali ule ule. Mistari ya spektra zao ilifanana kama nakala mbili za faili moja. Wakiwa pamoja na Ray Weymann walichapisha Mei 1979: pengine hizi si kwasa mbili. Ni moja, inayoonekana mara mbili kwa sababu galaksi iliyo katikati imeupinda mwanga wake kulia na kushoto. Galaksi yenyewe ikapatikana baadaye mwaka huo huo.

Siku chache baada ya usiku ule wa Kitt Peak, Aprili 1979, Uhuru iliyokuwa imenyamaza tangu Machi 1973 iliporomoka angahewani ikaungua. Kwamba moja inazimika wakati mwenzake anawaka ni sadfa tu, sitaki kuiongezea chumvi (na Ngomeni chumvi haihitaji kuongezwa, kuna mashamba yake kila upande).

Lenzi hizi zina tabia moja inayonifurahisha kama mtu wa mitandao. Njia mbili za mwanga hazina urefu sawa. Chukua matatu mbili zinazotoka Mombasa saa moja na habari ile ile. Moja inapita Mtwapa moja kwa moja hadi Kilifi, nyingine inazungukia Mariakani na Kaloleni. Habari itafika Kilifi mara mbili kwa nyakati tofauti. Kwasa pacha ya 1979 ikiongeza mwanga leo katika nukta moja, nukta ya pili itafanya vile vile baada ya siku 417 hivi. Sjur Refsdal wa Norwei alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1964, kabla lenzi yoyote haijaonekana, kwamba mchelewesho huo unaweza kutumika kupima kasi ambayo ulimwengu unapanuka. Njia hiyo inatumika hadi leo.

Makundi mazima ya galaksi pia yanafanya lenzi. Katikati ya miaka ya 1980 yalionekana matao marefu ya mwanga katika makundi kama Abell 370, ambayo ni galaksi za nyuma zilizovutwa umbo kama unga wa chapati. Umbo la tao linakupa uzito, bila kujali joto la gesi. Mizani ya pili imepatikana. Kwa jumla zikakubaliana: nyota kidogo, gesi zaidi, na maada ya giza zaidi ya asilimia 80.

Kisha mwaka 2006 mizani zote mbili zikawekwa juu ya kitu kimoja. Ni makundi mawili ya galaksi yaliyogongana, yanayoitwa Kundi la Risasi. Darubini ya eksirei ya Chandra, mjukuu wa Uhuru kwa damu maana Giacconi na Harvey Tananbaum waliipendekeza tangu 1976, ilionyesha gesi imekwama katikati, kama mawimbi mawili yaliyopigana. Lakini lenzi zilionyesha uzito mwingi haupo kwenye gesi. Umeendelea mbele, upande wa galaksi, kana kwamba haukugonga kitu. Kama maada ya giza ingekuwa kosa la hesabu tu, uzito ungebaki pale yenye wingi ilipo, yaani kwenye gesi. Wapo bado wanaotafuta maelezo mengine, na wana kazi.

Eksirei na lenzi zimeoana kwa njia nyingine pia. Ndani ya galaksi inayofanya lenzi kuna nyota, na kila nyota ni kilenzi kidogo. Umewahi kuogelea kwenye maji mafupi ya Watamu saa sita mchana ukaona ule wavu wa mwanga unaocheza juu ya mchanga? Viwimbi vya juu vinakusanya jua kwenye mistari myembamba. Nyota za galaksi zinafanya wavu kama huo angani, na wavu huo unapita polepole juu ya kwasa. Kitu kikubwa hakiusikii, kwa kuwa mistari mingi inakiangukia kwa pamoja. Kitu kidogo kinawaka na kufifia mstari mmoja mmoja unapokivuka. Kwa kwasa kadhaa imeonekana kwamba eksirei zinatetereka hivyo kuliko mwanga wa kawaida, kwa hiyo zinatoka karibu kabisa na shimo jeusi. Hakuna darubini yenye uwezo wa kuona kitu kidogo hivyo kwa umbali huo. Galaksi imefanya kazi hiyo bure.

Na Malindi? Roketi ya mwisho iliruka tarehe 25 Machi 1988. Broglio alifariki 2001, kituo kikapewa jina lake, na tangu 2004 kinaendeshwa na shirika la anga la Italia. Roketi hazipo ila madishi yanafanya kazi. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hupita juu ya Malindi kila mzunguko, kwa hiyo ni mahali pa kushushia data. Swift, iliyorushwa 2004, ilitegemea Malindi. NuSTAR, ya 2012, vile vile. Nayo ni darubini ya eksirei iliyowahi kupima B1422+231, kwasa ambayo galaksi iliyo mbele yake inaigawa kuwa nukta nne, na ambayo mwanga wake umesafiri kama miaka bilioni 12. Kisha kuna IXPE, iliyorushwa Desemba 2021, ambayo miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kuitazama Cygnus X-1.

IXPE ina kichekesho chake. Uzito wake ni kama kilo 330 tu, lakini ilibebwa na Falcon 9, roketi yenye uwezo wa kubeba zaidi ya tani 15. Kwa nini? Kwa sababu iliondokea Florida na kutakiwa kufika mzingo wa ikweta, na karibu nguvu zote zikaishia kunyoosha njia. Wangeondokea Ngomeni... basi tuyaache.

Hapa ndipo linaponiuma. Katalogi ya mwisho ya Uhuru ilichapishwa 1978, ikiwa na vyanzo 339. Waandishi wake ni wanane: Forman, Jones, Cominsky, Julien, Murray, Peters, Tananbaum na Giacconi. Giacconi alipata Nobeli ya fizikia 2002. Jina la chombo ni letu, pwani ni yetu, na hakuna Mkenya kwenye orodha. Sisemi waliibiwa; mwaka 1970 nchi ilikuwa na miaka saba na haikuwa na mwanafizikia wa eksirei wa kumpeleka. Lakini Vasco da Gama naye mwaka 1498 alipata hapa Malindi rubani wa kumvusha hadi India, na wanahistoria wanabishana mpaka leo rubani huyo alikuwa nani. Tuna mazoea ya kuwa bandari ya safari za wenzetu.

Mambo yamesogea kidogo. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia kuhusu kituo ulitiwa saini Trento mwaka 2016, ukigusa mafunzo na upatikanaji wa data. Shirika la Anga la Kenya liliundwa 2017. Setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga Mei 2018, na Taifa-1 ikarushwa Aprili 2023, kutoka California. Hizo ni za kutazama dunia, mazao na mafuriko, na ni sawa. Ya kutazama juu bado.

Kwa walio na mikono inayowasha: katalogi ile ya Uhuru iko wazi kwenye hifadhi ya data ya NASA iitwayo HEASARC, ikiandikwa 4U. Mistari 339, faili ndogo kuliko picha moja ya simu yako. Kwa Python, mistari kama ishirini ya programu inatosha kuichora juu ya ramani ya anga. Utaona vyanzo vikali vimejipanga kwenye mkanda wa Njia Nyeupe, na hafifu vimetawanyika kote. Makundi ya galaksi ni miongoni mwa hivyo vilivyotawanyika. Mwenye kutaka kuiona Cygnus X-1 kwa macho, asimame ufuoni mapema Septemba saa tatu usiku, ageuke kaskazini, na apandishe macho zaidi kidogo ya nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini. Nyota yake ya buluu inahitaji darubini ya mkono. Mwenzi wake hataonekana hata kwa kubwa.

Maswali leteni hapo chini kama kawaida. Nikipata nafasi nitaweka programu yenyewe ili msiandike upya.